Trela ya hema imechoka, fundi ataka kuijenga kwa chuma: nimruhusu?

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni msomaji wako wa Mtwapa. Jirani mmoja mgeni alipokuwa akihama aliniuzia kwa bei ya kutupa trela ya Kimarekani ya kupigia kambi, ile ambayo paa huinuka ukizungusha mkono wa chuma, na vitanda viwili vyatokeza mbele na nyuma chini ya turubai. Ni ya miaka ya tisini. Turubai imeoza, nyaya za kuinulia paa zimeliwa na kutu, na sakafu karibu na mlango yabonyea ukiikanyaga. Nataka kuigeuza iwe nyumba ndogo ya safari yenye kuta ngumu, mimi na mama watoto na watoto wetu wawili twende nayo Watamu, Diani, na siku moja Tsavo. Fundi wa kuchomelea amenipa mpango: fremu ya tyubu mraba za inchi mbili, bati la chuma nje, plaiwudi ya marine ndani, kimo cha mtu mzima kusimama. Kibandiko cha trela kimeandikwa GVWR 2000, naye asema hizo ni tani mbili, hakuna wasiwasi. Gari langu ni Toyota Noah, na chuma cha kuvutia kishafungwa. Waonaje?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Mzuie fundi wako kabla hajawasha mashine, kwani hiyo 2000 si kilo. Trela za Marekani huandikwa uzito kwa ratili, na ratili 2000 ni kilo 907 tu. Tena hizo kilo 907 si mzigo unaoruhusiwa kupakia. Ni uzito wa kila kitu kwa pamoja: chesisi, ekseli, magurudumu, sanduku utakalojenga, na kila utakachotia ndani hadi kijiko cha mwisho.

Sasa tuupigie hesabu mpango wake. Sanduku la urefu wa mita 3, upana 2 na kimo 2 lina mita za mraba 26 za kuta na paa. Tyubu mraba ya inchi mbili yenye unene wa milimita 2 ina karibu kilo 3 kila mita. Fremu yenye mbavu za kutosha tuseme yala mita 60, basi hapo pana kilo 180. Bati la chuma la milimita 1.2 lina kilo 9 na nusu kila mita ya mraba, yaani kilo 245 kwa sanduku zima. Marine ya milimita 9 kwa ndani yaongeza kilo 140 hivi. Jumla ni kilo 565 na hujatia hata dirisha moja. Chesisi yenye sakafu, ekseli na magurudumu tuikadirie kilo 250. Umefika 815. Zimebaki kilo 92 za mlango, madirisha, magodoro, friji, betri, gesi, sufuria na nguo za watu wanne. Ukijaza mtungi wa maji wa lita 60, zimekwisha kilo 60 papo hapo.

Simlaumu fundi. Kazi yake ni mageti na mabodi ya pikapu, vitu ambavyo uzito wake hausumbui mtu. Lakini trela hizi, ziwe za Jayco, Coleman au Starcraft, zilibuniwa zivutwe na gari dogo la familia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa kitambaa, na paa lilishuka njiani ili upepo usiwe na pa kushika. Ukiondoa kitambaa ukaweka ukuta uliosimama, umebadilisha mambo mawili kwa pamoja: uzito, na upana wa ubavu unaopigwa na upepo. La pili husahaulika. Panda daraja la Nyali siku ya kusi kali, au pishana na lori la kontena kule Mariakani, utaelewa.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni mizani. Ng'oa turubai, vitanda vya kutokeza, paa na mfumo wote wa kuliinua, halafu ipeleke trela tupu kwenye mizani ya malori. Huku Changamwe na Miritini mizani za maghala hazikosekani, na wengi watakupimia kwa ada ndogo. Toa uzito huo kwenye 907. Kinachobaki ndicho bajeti yako, na kila ubao utakaoingia uukate humo. Usiifikirie bajeti ya shilingi kabla ya hiyo ya kilo.

Utauliza: si niweke ekseli kubwa zaidi? Yawezekana, lakini ekseli haibebi peke yake. Yabeba pamoja na springi, rimu, tairi, mkono wa mbele unaoshikana na gari na chuma chembamba cha chesisi, na aliye dhaifu kati yao ndiye anayeweka kikomo. Na mwisho wa yote kuna Noah. Noah ni gari la kubebea watu. Tafuta kwenye kitabu chake kiwango cha kuvuta, na kama hakimo usikisie wala usimuulize aliyekufungia chuma cha kuvutia. Ukiwa na watu wanne na mizigo ndani, giaboksi ya otomatiki itakuwa moto kabla hujamaliza mlima wa Mazeras. Mimi ningejenga trela isiyozidi kilo 750 ikiwa imejaa. Ulaya huo ndio mpaka ambao ukiuvuka trela lazima iwe na breki zake yenyewe, na hata mahali ambapo hakuna askari wa kukuuliza, fizikia ni ile ile. Kama yako ina breki za umeme za Kimarekani, jua kwamba hazifanyi kazi mpaka gari lifungiwe kifaa cha kuziendesha.

Ushauri wangu basi ni huu: usijenge nyumba ya kusimama. Jenga chumba cha kulala chenye kuta ngumu, kimo cha ndani mita moja na nusu, na jiko lifunguke nje upande wa nyuma chini ya turubai. Najua wataka kusimama ukivaa suruali. Lakini fikiria: Watamu saa kumi na mbili jioni, nani atakaa ndani? Hizi kempa ndefu zenye jiko na sebule zilitungwa na watu wanaokimbia baridi. Sisi twapika nje, twala nje, twapunga upepo nje, ndani twaingia kulala. Kitanda cha wazazi kikae kwa kukingama, kwani mita 2 za upana zatosha. Watoto walale upande wa pili, au kwenye hema la kufungwa ubavuni ambalo uzito wake wausafirisha kwenye buti ya gari. Sanduku la namna hiyo lina mita za mraba 21 badala ya 26, na kitovu cha uzito kinabaki chini.

Kabla ya sanduku, chesisi. Igeuze au iinue juu ya magogo imara, uipitie yote kwa nyundo ndogo na bisibisi butu. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa na bisibisi huzama. Mahali pa kuchunguza zaidi ni pale mkono wa mbele unapoungana na chesisi, na pale springi zinaponing'inia. Hapa fundi wako wa kuchomelea ndipo atakapopata kazi yake, ila mpe sharti moja. Akiongeza kiraka kwenye mkono wa mbele, mshono uende kwa urefu wa chuma, wala asipige mshono wa kukata upana hasa upande wa chini. Mshono wa kukata upana ndio huanza ufa, na ufa wa mkono wa mbele hauonekani hadi trela ikuage barabarani. Baada ya hapo sugua kutu yote, paka redi oksaidi, kisha rangi ya epoksi tabaka mbili. Tyubu zozote ulizoongeza zizibwe ncha zote mbili kabisa, au zitobolewe upande wa chini maji yatoke. Tyubu iliyozibwa nusu ndiyo hutunza chumvi.

Fungua habu, toa beringi, zisafishe na uzitie grisi mpya ya aina inayostahimili maji. Tairi usizitazame meno. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela iliyokaa juani Mtwapa hufa kwa umri ingali na meno mazuri. Kuhusu rimu, trela nyingi ndogo za Marekani zenye matundu matano ya bolti huyapanga kwenye duara la kipenyo cha inchi 4.5, ambao ni milimita 114.3, sawasawa na Noah. Wengi wakigundua hilo hufurahi, huchukua rimu ya gari wakaifunga, kisha tairi ikasugua springi, kwa sababu rimu ya gari huingia ndani zaidi kuliko ya trela. Ijaribu kwa kuizungusha trela ikiwa imepakiwa mzigo, usijaribu ikiwa tupu. Ikikubali, na tairi ikiwa na uwezo wa kubeba huo uzito, una spea moja ya vyombo viwili, na hiyo ni raha.

Sasa kuta. Acha tyubu za inchi mbili. Ukitaka chuma, tyubu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5 ina kilo moja na kidogo kila mita, theluthi moja ya mzigo wa mwanzo. Lakini mimi napendelea fremu ya mbao za saiprasi za inchi mbili kwa moja zilizokauka sawasawa, plaiwudi ya milimita 6 nje, foamu nyeupe ya milimita 25 katikati, plaiwudi ya milimita 3 ndani, halafu tabaka moja la faiba nje. Ukuta wa namna hii, ukiondoa fremu, ni kilo 7 na nusu hivi kila mita ya mraba. Kwa mita 21 ni kilo 158. Ongeza mbao kilo 35 na mlango na madirisha kilo 40: sanduku zima ni kilo 233. Pamoja na chesisi tuliyoikadiria 250, uko 483. Hapo una nafasi ya kuishi hata ukijiwekea mpaka wa 750.

Na kazi hiyo usimpe welda. Hapo hapo Mtwapa kwenye mkono wa bahari kuna mafundi wanaotengeneza boti za faiba za kuvulia samaki. Ukiona vyaelea vimeundwa, na waundaji ni hao. Wao maji wameyajua tangu utotoni, wajua kona ikiwa kali faiba haikai, huizungusha. Wajua pia jambo ambalo wengi hulijua baada ya hasara: utomvu wa kawaida wa faiba huyeyusha foamu nyeupe mara tu ukigusana nayo, na gundi za kuvutana zenye petroli ndani hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo foamu ifunikwe na plaiwudi kwanza, igundishwe kwa gundi ya mbao au ya poliyurethani, na kusiwe na tundu la utomvu kupenyea.

Mbao ziwe kavu. Hili nalisisitiza kwa kuwa Mombasa hewa yenyewe ni maji. Faiba iliyolazwa juu ya plaiwudi yenye unyevu itashika miezi michache kisha ivimbe malengelenge, na chini yake uozo waendelea kimya. Kazi ya faiba ifanywe msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, chini ya kivuli. Ikikukuta masika ya Aprili na Mei, endelea na chesisi na mambo ya umeme, sanduku lisubiri. Kila ncha ya plaiwudi, kila tundu la skrubu, kila ukingo wa dirisha unyweshwe utomvu kabla ya kufungwa. Sakafu yako ilibonyea karibu na mlango kwa sababu ncha za mbao ziliachwa wazi pale pale viatu vyenye maji vinapoingilia. Uking'oa mbao hizo, kata mpaka ufike kwenye mbao ngumu, usiweke kiraka juu ya uozo. Silikoni ya bafuni usiitumie nje. Haishiki rangi, na ikishachoka hakuna kitakachoshika juu yake. Tumia Sikaflex au ndugu zake wa poliyurethani. Na popote alumini inapogusana na chuma tia utepe wa mpira katikati, kwani penye chumvi alumini ndiyo huliwa.

Joto. Paka paa rangi nyeupe, basi. Rangi nyeusi ya kung'aa unayoiona kwenye picha za ng'ambo iache huko huko. Dirisha moja kila ubavu ili upepo upite, lenye wavu wa mbu, na tundu la paa lenye feni ya volti 12. Hewa ya moto hupanda, ukiifungulia juu yenyewe hutoka.

Umeme wa Kimarekani uliomo ndani ung'oe wote. Ni wa volti 120 na hapa soketi zetu zina 240, kwa hiyo ukiuchomeka tu umechoma kila kilichomo. Mambo ya volti 12 hayana nchi, hayo yabaki ikiwa nyaya ni nzima. Kama kuna friji ya zamani ya gesi, usiihangaikie. Friji hizo hushindwa na joto la Pwani. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 itakula wati-saa 480 hivi kwa siku, feni usiku mzima 160, taa na simu 70. Hiyo ni 710, na paneli za sola za wati 200 zilizolazwa juu ya paa hapa kwetu zitakupa karibu 750 siku ya jua safi. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 ina kilo 28 hivi nawe ungependa utumie nusu yake tu. Ya lithiamu ya ukubwa huo ina kilo 12 na waitumia karibu yote. Ni ghali, lakini kwa trela yako mimi ningenunua hiyo na kupunguza mapambo.

Mlango! Nilitaka kuusahau. Trela ya Marekani mlango uko kulia, kwa sababu wao huendesha kulia. Huku kwetu mlango huo wafungukia kwenye magari, watoto wateremka katikati ya barabara. Maadamu wajenga sanduku upya, uhamishie kushoto, na turubai ya kivuli iwe kushoto pia. Taa nazo: za Kimarekani hutumia globu moja nyekundu kwa breki na kwa indiketa, gari lako lina indiketa ya njano ya peke yake. Weka taa mpya na plagi ya mviringo ya pini saba. Kichwa cha kuunganishia kipime vilevile. Cha kwao ni cha inchi 1⅞ au 2, na mpira wa chuma kwenye magari ya huku kwa kawaida ni milimita 50. Cha inchi 2 kikikaa juu ya mpira wa 50 kina uwazi mdogo, na uwazi huo barabara yenye mashimo itaukuza. Badilisha kichwa, si bei kubwa, na uweke minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini.

Mtungi wa gesi ukae nje kwenye sanduku lenye matundu chini, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikingoja cheche. Jiko la makaa lisiingie ndani hata kama mvua yanyesha na makaa yaonekana yamefifia. Makaa yaliyofifia ndiyo hutoa sumu isiyo na harufu.

Ukimaliza kujenga, pakia kila kitu kama wasafiri kesho, urudi kwenye mizani, kisha upime uzito unaolala juu ya kichwa. Uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya jumla, ilimradi gari lakubali: kwa kilo 750 ni kilo 75 hadi 112. Ukiwa mdogo zaidi trela itaanza kuyumba mkia ukiongeza mwendo. Mizani ya bafuni yatosha. Ikiwa waogopa kuivunja, laza ubao imara, ncha moja juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, na kichwa cha trela kikae theluthi moja ya njia kutoka kwenye tofali. Unachosoma kizidishe mara tatu. Tangi la maji na betri vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Jiko la nyuma liwe jepesi, sufuria nzito zihamie ndani.

Njia ya Diani ina jambo lake. Feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na trela yenye mkia mrefu hukwaruza nyuma inapopanda. Jiko lako la nyuma lisining'inie chini. Au zungukia Dongo Kundu ulale bila presha. Tsavo Mashariki kuna kambi ya umma ya Ndololo karibu na Voi, trela ya kimo hiki yaingia vizuri, ila chakula kisibaki wazi nje usiku. Nyani na fisi hawana haya.

Karatasi. Trela hapa Kenya husajiliwa yenyewe, namba zake huanza na Z. Uliza kama jirani alikuachia logbuku kwa jina lake, na mhamishe umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mapema angali anajibu simu, kwa sababu aliyeondoka nchini kumpata baadaye ni shughuli. Kubadili bodi ni kubadili maelezo ya chombo, kwa hivyo wasiliana nao kuhusu ukaguzi kabla ya kuanza kujenga, na bima waambie unavuta trela. Picha za kila hatua ya kazi zihifadhi, mkaguzi akitaka kujua ndani ya ukuta mna nini umwonyeshe.

Ukishaipima ikiwa tupu niandikie uzito uliopata, pamoja na picha ya chini pale mkono wa mbele unapoungana na chesisi na picha ya kibandiko kizima. Kwa hivyo vitatu nitaweza kukuambia kama ekseli ibaki au itafutiwe nyingine.